Elimu ya Bahari Haikusomwa Nchi Kavu

Ndugu msomaji, neno "mwalimu" tunalitumia kila siku, na sote tunaelewa kuwa ni mtu anayesomesha: mwalimu wa chuoni, mwalimu wa skuli. Asili yake ni neno la Kiarabu, muallim. Lakini wengi wetu hatujui kwamba katika Bahari ya Hindi, kwa muda wa karne nyingi, neno hili hili lilikuwa jina la cheo cha mtu aliyeongoza chombo. Nahodha ndiye aliyekuwa na mamlaka ya chombo na mali iliyomo. Ama muallim, yeye ndiye aliyeijua njia. Alipima nyota, akachagua majira, akasema lini tanga litwekwe na lini lituliwe.

Tuyatazame vizuri majina haya, kwani wazee hawakuyatoa bure. Walimwita kiongozi wa chombo mwalimu kwa sababu walijua kuwa roho za watu baharini zinasalimika kwa elimu. Tena walimtaka mwalimu huyo awe ameshika kamba kwa mkono wake miaka mingi kabla ya kukabidhiwa roho hizo. Mambo mawili haya, elimu na mkono, ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo kwa kupitia taarikhi ya mabaharia wa Kiislamu. Kwa nini leo? Kwa sababu katika zama zetu yametengana, na kutengana kwake kunaua watu.

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametukumbusha katika Suratul An'aam, aya ya 97, kuwa nyota amezijaalia ili tupate kujiongoza kwazo katika viza vya bara na bahari, na akaimaliza aya hiyo kwa kubainisha kuwa Ishara Zake amezipambanua kwa watu wanaojua. Izingatie aya hii, ndugu yangu. Nyota humwangazia mjuzi na mjinga sawasawa. Lakini mjinga aliyeko katikati ya bahari usiku huziona ni mapambo tu, na chombo chake huenda upande wowote upepo unakotaka.

AHMAD BIN MAJID NA WAZEE WAKE

Katika karne ya 9 ya Hijra, yaani karne ya 15 ya Miladi, alikuwako mtu akiitwa Shihabuddin Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Babu yake alikuwa muallim wa baharini, na baba yake pia alikuwa muallim, na wote wawili walisifika kwa kuijua Bahari ya Sham, bahari yenye miamba mingi na milango myembamba, isiyomsamehe mtu anayebahatisha.

Baba yake alitunga utungo wa mizani ya rajaz wenye beti zaidi ya 1,000 juu ya njia za bahari hiyo, ukaitwa Al-Hijaziyya. Ahmad naye akafuata nyayo hizo. Mwaka 866 Hijria (1462) alitunga Al-Hawiya, wenye beti zaidi ya 1,000 pia, na mwaka 895 Hijria (1489–90) akaandika kitabu chake kikubwa, Kitabul Fawaid, ambacho amekigawa katika faida 12. Ndani yake ameeleza asili ya elimu ya bahari, manazili 28 za mwezi, pande 32 za dira, njia za kwenda kila nchi, vimo vya nyota katika bandari, dalili za kukaribia nchi kavu, misimu ya pepo, visiwa vikubwa, na mwisho akaieleza Bahari ya Sham kwa urefu. Nakala za kitabu hiki zilizohifadhiwa Paris zilichapishwa na Mfaransa Gabriel Ferrand kati ya mwaka 1921 na 1923, na mwaka 1971 Mwingereza G. R. Tibbetts akakitoa kwa Kiingereza pamoja na sherehe ndefu.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini wameiweka elimu ya bahari katika beti? Sababu ni ile ile iliyotufanya sisi tuhifadhi nahau kwa Alfiya ya Ibn Malik. Ubeti hukaa kifuani. Usiku wa upepo, taa imezimika na kila kitu kimerowa, muallim hana nafasi ya kufungua kitabu. Lakini aliyehifadhi hufunguliwa na moyo wake.

Ama jambo la kuzingatiwa zaidi ni vipi Ahmad alivyoipokea elimu hii. Anaeleza kuwa babu yake alikuwa mhakiki wa bahari ile. Akaja baba yake, akazidisha juu ya hayo kwa kujaribu mwenyewe mara baada ya mara, hata elimu yake ikapita ya babu. Kisha akaja yeye, akayapokea ya wazee wawili hao, na akakaa karibu miaka 40 akiyarudia baharini, akiyapima na kuyasahihisha. Hata utungo wa baba yake aliupitia akaurekibisha pale alipoona kuwa bahari inasema jingine. Hakumvunjia baba yake heshima kwa kufanya hivyo. Alimtendea wema mkubwa, kwa sababu kosa likibaki katika utungo wa baba, kila chombo kitakachopotea kwa ajili yake kitahesabiwa pamoja na jina la baba.

SIMBA WATATU

Kabla ya Ibn Majid walikuwako waandishi wa elimu ya bahari katika zama za Bani Abbas, na watatu kati yao walikuwa mashuhuri: Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Laith bin Kahlan. Watu waliwaita simba watatu. Ibn Majid amewataja kwa heshima, hata akajiita yeye kuwa ni wa nne wa simba hao. Lakini hakunyamaza juu ya upungufu wao. Amesema waziwazi kuwa walikuwa watungaji, hawakuwa wajaribu. Safari zao wenyewe zilikuwa baina ya Siraf na pwani ya Makran. Ama nchi nyingine walikuwa wakiwauliza wenyeji wake, kisha wakiandika waliyoambiwa.

Sisi tuliokulia vyuoni tunaifahamu hoja hii vizuri. Maulamaa wa Hadithi walimtofautisha aliyesikia kwa sikio lake na aliyepokea maneno kwa mtu asiyejulikana. Ibn Majid anaitumia mizani hiyo hiyo juu ya maji. Mtu aliyeandika kuwa katika mlango fulani maji ni ya kina, je, alikitupa chubwi mwenyewe, au alihadithiwa na mchuuzi bandarini? Kama alihadithiwa, basi maneno yake ni khabari inayosubiri ushahidi, na mwenye kuitegemea anahatarisha watu.

Kwa ajili hiyo akawagawa waalimu wa bahari katika daraja tatu. Wa daraja ya kwanza ni mtu wa kawaida, ambaye mara hufika salama na mara hukosea. Hajui kwa nini amepatia wala kwa nini amekosa. Wa daraja ya pili ni yule aliyesifika kwa uzoefu, hodari wa mahali alipopita, lakini akifa elimu yake humfuata kaburini. Wa tatu ndiye aliye bora: hakifichikani kwake kitu katika mambo ya bahari, na juu ya hayo ameandika vitu ambavyo watu wananufaika navyo naye yu hai na baada ya kufa kwake.

Tazama, ndugu msomaji, uadilifu wa mpango huu. Kitabu hakikudharauliwa, kimewekwa daraja ya juu kabisa. Lakini aliyestahiki kukiandika ni yule aliyekwisha kupita daraja ya pili kwa miguu na mikono yake. Baada yake akaja Suleiman al-Mahri, mtu wa Shihr, aliyeandika Al-Umda mwaka 917 Hijria (1511), naye akaijenga elimu hii juu ya nguzo mbili, akili na majaribio. Na mwaka 1554 amiri wa majeshi ya bahari ya Kituruki, Sidi Ali, alipokusanya kitabu chake Al-Muhit akiwa Gujarat, aliyategemea maandishi ya mabwana wawili hawa. Elimu iliyojaribiwa haikuoza.

ALIYOTAKIWA KUYAJUA MUALLIM

Tusidhani kuwa kazi hii ilikuwa ya kukisia. Latitudi ya mahali waliijua kwa kupima kimo cha nyota ya Jah, ambayo ndiyo nyota ya kaskazini. Walichukua kibao kidogo, wakakinyoosha mbele ya jicho, chini kikagusa upeo wa bahari na juu kikagusa nyota, wakahesabu vidole. Kidole kimoja katika hesabu yao ni kiasi cha digrii moja na nusu na ziada kidogo. Mwendo waliuhesabu kwa zam, na zam moja ni mwendo wa saa tatu, kwa hivyo usiku na mchana ni zam nane.

Haya kuyasema ni mepesi. Ama kuyafanya, chombo kinapanda na kushuka, upeo wa bahari umefunikwa na ukungu, na kosa la nusu kidole tu linakutoa njiani kwa karibu maili 50. Mkono hauzoei kazi hiyo kwa siku mbili. Tena, kadiri chombo kinavyokwenda kusini ndivyo Jah inavyoinama, mpaka inapotea kabisa. Aliyezoea bahari ya Oman akija Kilwa au Sofala hukuta nyota aliyoitegemea haipo tena mbinguni, na hapo humbidi apime kwa nyota nyingine, kama vile Farqadan na Na'sh. Mwanafunzi aliyehifadhi bila ya kufahamu angesimama hapo ameduwaa.

Zaidi ya nyota kulikuwa na dalili za bahari yenyewe: rangi ya maji, rangi ya tope linaloshikana na chubwi, ndege na majani yanayoelea. Mwenye kukaribia pwani ya Bara Hindi hukutana na nyoka wa baharini kabla hajaiona nchi. Dalili hizi macho hujifunza kwa kuonyeshwa na aliyetangulia: "Tazama pale. Umeona? Basi hilo ndilo."

Na juu ya hayo yote, Ibn Majid anamtaka muallim awe na tabia. Akikague chombo kingali nchi kavu na kuandika kila upungufu anaouona. Akague kamba na vyombo vya kazi. Awatazame abiria na mabaharia wake ajue ni watu gani. Asikilize maneno ya kila mtu, ashike lililo sawa na kuliacha lisilo sawa. Awe na uadilifu, asimdhulumu mtu kwa ajili ya mwingine, asighafilike, na amche Mola wake. Kwani aliye juu ya bahari ni mgeni wa Mwenyezi Mungu, na inampasa kukaa tohara na kumkumbuka. Kwao wao mtu aliyeacha kukagua kamba na mtu aliyeacha kumtaja Mungu wote wawili walikuwa wameghafilika.

KWETU PWANI

Elimu hii haikuwa mbali na sisi. Mabaharia wetu wameita kaskazini jaa na kusini suheli, na upande wa macheo wakauita matlai. Maneno haya yametoka katika dira ile ile ya nyota: Jah ya kaskazini, Suhail ya kusini, na matlaa, mahali pa kuchomoza. Baharia wa Lamu, Pemba au Kilwa asiyejua kusoma herufi moja alikuwa akizungumza lugha ya Ibn Majid bila ya kumjua.

Kadhalika hesabu ya mwaka. Miezi yetu ya Hijria, ambayo ndiyo ya saumu na hija, hufuata mwezi, na kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11. Pepo hazifuati mwezi, hufuata jua. Kwa hivyo Ibn Majid aliitaja misimu ya kusafiri kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi. Na sisi huku pwani wazee wetu walikuwa na Siku ya Mwaka, ambayo nayo ni Nairuzi, wakahesabu kutoka hapo siku 365 kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Mvuvi na mkulima walijua katika mwongo gani kaskazi inashika, lini ni masika, na lini kusi inachafuka hata bahari ikawa kama imefungwa.

Na kijana alifunzwaje? Hakuanza kwa kushika usukani. Alianza chini kabisa, ngamani, akifua maji. Kazi hiyo watu huiona dhila, lakini ndiyo iliyomfundisha la kwanza la usalama: chombo hiki kinavuja kiasi gani, na leo kinavuja zaidi kuliko jana au sivyo? Akapika, akatumwa, akasaidia kutia kalafati na kupaka deheni chombo kilipopandishwa pwani, na hapo akaijua kila mbao. Kisha akawekwa kwenye kamba, akajua demani ikikaza vipi mkono upepo unapobadilika, na henza ikateremshwa vipi kwa haraka bila ya foromali kuanguka juu ya vichwa vya watu. Kisha akasimamishwa omo kutazama miamba na kutupa bildi, akitaja kina kwa sauti. Baada ya miaka ndipo aliposhika usukani, mchana, upepo ukiwa mwanana, na mzee ameketi nyuma yake. Usiku alipewa baadaye. Mlango wa bandari wenye miamba alipewa mwisho.

Wazee wana msemo: usisafirie nyota ya mwenzio. Watu huutumia kwa mambo ya bahati, lakini nyuma yake mna khabari ya baharini pia, kwamba mtu hawezi kuongoza chombo kwa nyota ambayo hakuipima yeye.

Na njia hii ya kufunza ndiyo njia ya dini yetu. Katika Sahih Bukhari tunasoma khabari ya Malik bin Huwairith (R.A.), kuwa yeye na vijana wenziwe walikwenda kwa Mtume (S.A.W.) wakakaa kwake kiasi cha siku 20, kisha akawarudisha kwao wakawafunze watu wao, na akawaamrisha wasali kama walivyomwona yeye akisali. Hakuwapa maneno wakaenda zao. Walikaa, wakaona, wakafanya mbele yake, ndipo wakapewa ruhusa ya kuwafunza wengine. Ndivyo tulivyofunzwa tajwidi pia: ulimi wa mwanafunzi mbele ya sikio la mwalimu.

MWAKA 1498

Sasa tutazame jambo moja la taarikhi linalohusu pwani yetu, ambalo linaonyesha thamani ya elimu hii, na ndani yake mna uzushi unaofaa kuondoshwa.

Mreno Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498. Kabla ya hapo, tarehe 6 Aprili, jahazi lake moja, São Rafael, lilikwama juu ya fungu katika pwani ya Tanga, kwani walikuwa wakitembea katika bahari wasiyoijua. Mfalme wa Malindi akawapa rubani. Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa ndiyo inaanza, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Nchi waliiona tangu tarehe 18. Bahari kuu wameivuka kwa kiasi cha siku 23.

Tazama sasa kurudi kwao. Waliondoka pwani ya Hindi tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo, hawakungoja kaskazi ishike. Wakakutana na shwari na pepo za mbele. Bahari ile ile iliwachukua karibu miezi mitatu, na watu 30 walikufa kwa kiseyeye njiani. Walipoiona pwani ya Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, kila jahazi lilikuwa na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Baada ya kupita Malindi na Mombasa walilitia moto São Rafael kwenye mafungu yale yale ya Tanga, kwa kuwa hawakuwa tena na mikono ya kutosha kuendesha majahazi matatu. Mizinga walikuwa nayo, na ushujaa walikuwa nao. Walilolikosa ni kuujua wakati, jambo ambalo mtoto wa jahazi wa Malindi alilijua.

Ama uzushi ni huu. Zaidi ya miaka 70 baada ya safari hiyo, mwanachuoni wa Makka, Qutbuddin an-Nahrawali, aliandika katika kitabu chake cha ushindi wa Waturuki huko Yemen kuwa aliyewaonyesha Wareno njia alikuwa Ahmad bin Majid, na kuwa alifanya hivyo baada ya kuleweshwa. Ferrand aliposhikilia maneno haya katika miaka ya 1920, yakaenea, na mpaka leo yamo vinywani mwa watu.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, tuihakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Tuihakikishe basi. Nahrawali hakuwapo. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16, Castanheda na Barros, wamesema kuwa rubani yule alikuwa Muislamu wa Gujarat, na Ibn Majid si mtu wa Gujarat. Jina walilompa ni Malemo Cana, au Malemo Canaqua. Na "malemo" ni hili hili neno muallim, na "kanaka" ni neno la Kihindi la mtu anayehesabu nyota. Wamekitaja cheo chake, jina lake halisi hawakulijua. Ibn Majid wakati huo alikuwa mzee; utungo wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 906 Hijria (1500), na hakuna mahali alipojitaja kuwa amewaongoza Wareno. Wahakiki wengi wa siku hizi, na Tibbetts ni mmoja wao, wameikataa khabari hiyo. Mtu aliyetumia umri wake kuwafundisha watu wakae tohara baharini hastahiki kusingiziwa ulevi kwa khabari isiyo na sanadi.

TAWAKALI NA UZEMBE

Tumefika kwenye jambo lililonifanya niyaandike yote haya. Leo vijana wetu wana mashine za kutia nyuma ya dau, na simu zinazoonyesha mahali walipo. Hizi ni neema, na Ibn Majid angelizipata angelizipokea kwa mikono miwili, kwani naye alikuwa mtu wa kutafuta kipimo kilicho bora. Lakini mashine ikizimika katikati ya mkondo na simu ikaingia maji, kijana asiyepata kukaa na mzee hata msimu mmoja hajui hata aielekeze wapi omo ya chombo chake. Na khatari kubwa kuliko hiyo ni ya mwenye chombo anayetazama nauli na asitazame maji yalipofika ubavuni.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu na mizigo kupita kiasi kikubwa cha ilichoruhusiwa. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza, nayo imejaa kupita kiasi. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, na tunataraji kwa rehema Yake daraja ya shahada kwa Waislamu waliozama, kama ilivyothubutu katika Hadithi. Lakini msiba ulipotokea, wako waliosema: ni kadari, ajali haina kinga. Neno la kadari ni la haki, ila hapa limetumiwa kufunika dhulma.

Nabii Nuh (A.S.) aliahidiwa na Mola wake kuokolewa. Pamoja na ahadi hiyo aliamrishwa aunde jahazi, kama tunavyosoma katika Sura ya Hud, aya ya 37, akaliunda huku watu wakimcheka. Jahazi lilipokwisha na watu walipopanda, ndipo kukaja, katika aya ya 41, kutajwa jina la Mwenyezi Mungu katika kwenda kwake na kusimama kwake. Kazi imetangulia, kisha Bismillahi ikaitia baraka kazi hiyo. Na yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache na kutawakali, aliambiwa amfunge na atawakali.

Tena imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kuwa mwenye kujitia utabibu ilhali hakujulikana kuwa na elimu yake, huyo ana dhamana ya madhara atakayoyaleta. Ikiwa tabibu mjinga, ambaye mbele yake yupo mgonjwa mmoja, ana dhamana, vipi kuhusu aliyechukua watu 100 baharini na hali hajui majira, wala hakukagua chombo, wala hakuuliza upepo? Huyu asijifiche nyuma ya kadari. Ataulizwa juu ya kila mmoja wao.

Basi kwa ufupi nawausia haya. Mzazi mwenye mtoto anayependa bahari amkabidhi kwa mzee mwenye kujulikana, na asiharakishe kumnunulia mashine. Wazee waliobaki na elimu hii wasione haya kufunza, na waalimu wa skuli na vyuo wawaandikie waliyonayo kabla hawajaondoka nayo, ili wapande kutoka daraja ya pili kwenda ya tatu. Mwenye chombo akihesabu kiasi cha watu na mizigo, ajue kuwa anahesabu amana, na maboya ya kuvaa yawe mengi kama walivyo watu. Kila anayetaka kusafiri aulize khabari ya hali ya hewa, na akiambiwa na anayejua kuwa leo hakusafiriki, arudi nyumbani kwake wala asimwone mwoga. Na abiria akiona chombo kimejaa, ashuke, hata kama nauli imekwisha lipwa. Fedha hupatikana tena.

Wala isidhaniwe kuwa maneno haya ni ya watu wa pwani peke yao. Kila mmoja wetu yumo katika chombo na amekabidhiwa watu: mwenye nyumba, mwenye darasa, mwenye gari, mwenye ofisi. Wahenga wamesema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata uwe mkubwa wa namna gani, mahali ulipoanzia kufua maji ndipo patakapokuuliza kama ulijifunza kweli au ulipita tu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na mikono inayoitekeleza, awasalimishe wasafiri wetu wa bara na bahari, na amrehemu Ahmad bin Majid na baba zake, na kila muallim aliyefikisha watu salama na watu wasilijue jina lake. Amin.